Puto limefika juu lakini chanzo hakionekani: kutafuta kasoro kwenye darubini za eksirei

Gesi inayovutwa na shimo jeusi hupata joto la mamilioni ya digrii kabla ya kumezwa, na joto hilo hutoka kama eksirei. Nyota za nyutroni, masalia mazito ya nyota zilizolipuka, nazo hutoa eksirei kwa wingi. Hakuna hata moja inayofika ardhini, kwa sababu hewa huzifyonza zote njiani. Ndiyo maana tunatundika darubini chini ya puto la heliamu na kuipeleka kilomita 38 hadi 40 juu, ambako hewa iliyobaki juu yake ni takribani gramu 3 kwa kila sentimita ya mraba. Ardhini ni zaidi ya gramu 1,000.

Gramu hizo 3 zilizobaki ndizo chanzo cha malalamiko mengi yaliyomo katika mwongozo huu. Wanaozoea kufanya kazi na data za setilaiti huzisahau, kisha hutumia usiku mzima kulaumu kigunduzi kisicho na kosa. Ushauri wangu kwa yeyote anayeingia zamu ni huu: hewa kwanza, joto pili, mwelekeo tatu, kigunduzi mwisho.

Dalili zimepangwa kwa mfuatano wa safari, tangu kupaa hadi kutua. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea sana kimetangulia.

Hesabu za kigunduzi zinapanda kwa kasi puto likiwa bado linapaa

Hesabu ni idadi ya mara kigunduzi kinapoguswa. Karibu kila mara kupanda huku si kasoro. Miale ya kosmiki, yaani chembe za kasi kubwa zitokazo anga za mbali, ikigonga hewa huzaa chembe nyingine, nazo huzaa nyingine, hadi wingi wake unafikia kilele kati ya kilomita 15 na 20. Kilele hicho kimepewa jina la Pfotzer, mwanafizikia Mjerumani aliyekipima miaka ya 1930. Puto likikipita, hesabu hushuka.

Chora hesabu dhidi ya shinikizo la hewa, si dhidi ya saa. Ukiona kilima kimoja laini kinachopanda na kushuka, tulia, na uihifadhi grafu hiyo, kwa kuwa ni kipimo cha bure cha afya ya kigunduzi. Kama kilima hakishuki baada ya kilomita 25, au kigunduzi kimoja tu kinapanda na jirani zake hawapandi, nenda kwenye dalili inayofuata.

Puto limetulia juu, lakini hesabu ni nyingi mno au zinakuja kwa vishindo

Anza na joto. Kwenye kimo hiki hewa ni nyembamba kiasi kwamba haibebi joto la kifaa kama inavyolibeba maabarani. Upande unaotazama Jua unaweza kuchemka huku upande wa kivulini ukiganda, na saketi iliyofanya kazi vizuri mezani ikapandwa na joto kwa kukosa upepo. Kigunduzi cha nusu-kipitishi kikipata joto huvujisha umeme zaidi, na uvujaji huo huonekana kama fotoni (chembe za mwanga) nyingi za nishati ndogo. Linganisha halijoto ya kila kigunduzi na hesabu zake. Zikipanda pamoja, inua kizingiti cha nishati (kiwango ambacho chini yake kigunduzi hupuuza) kwa hatua ndogo, geuza gondola (fremu inayoning'inia chini ya puto ikibeba vifaa) ikiwezekana, au punguza matumizi ya umeme karibu na kigunduzi hicho. Usiinue kizingiti kwa vigunduzi vyote kwa mkupuo, maana utapoteza nishati ndogo hata pale ambapo hapakuwa na shida.

Pili, redio. Vishindo vinavyotokea kwa vipindi sawasawa mara nyingi hulingana na wakati ambapo kisambaza mawimbi cha gondola kinatuma data. Zima kisambazaji kimoja kwa dakika chache, ukihakikisha kwanza kwamba njia nyingine ya mawasiliano iko hai, kisha utazame.

Tatu, anga lenyewe. Kama puto linapita katika ukanda wa nuru za ncha, kama ule wa Kiruna kaskazini mwa Sweden, elektroni zinazomwagika kutoka kwenye uga wa sumaku wa Dunia hugonga hewa ya juu na kutoa eksirei halisi. Mlipuko wa Jua hufanya hivyo pia. Namna ya kuzitambua ni moja: elekeza darubini pembeni ya chanzo. Hesabu zisipobadilika, hazitoki kwenye chanzo chako. Data hizo huwezi kuziokoa kwa kurekebisha chochote. Weka alama ya muda, kisha usubiri.

Nne, na hii ndiyo ya hatari, ni umeme kuruka kwenye hewa nyembamba. Wengi hudhani kwamba kadiri hewa inavyopungua ndivyo volti ya juu inavyokuwa salama. Kwenye ombwe kamili ni kweli. Lakini hewa yenye shinikizo la takribani milibari 3, kama ile ya kilomita 40, inaruhusu umeme kuruka nafasi ya milimita 2 hadi 3 kwa volti 330 hivi tu. Ni kama mtu amechagua kimo kibaya kuliko vyote kwa makusudi. Kinga yake hufanywa ardhini: kufungia sehemu za volti ya juu ndani ya chombo chenye hewa ya kawaida, au kuzizamisha kwenye utomvu usiopitisha umeme bila kuacha viputo. Ukiwa tayari hewani, dalili ni mkondo wa umeme unaorukaruka pamoja na hesabu zinazojaa ghafla.

*Simama:* mkondo wa volti ya juu ukiruka, shusha volti hadi sifuri na umwite mhandisi wa vigunduzi. Usiiwashe tena ili "kujaribu kidogo". Kila cheche huchoma njia ambayo cheche inayofuata itaipita kwa urahisi zaidi. Kupoteza vigunduzi vichache si mwisho wa safari. Mwaka 2016 darubini ya COSI iliyorushwa kutoka Wanaka, New Zealand, ilizima vigunduzi 3 kati ya 12 kwa tatizo la volti ya juu, lakini ilielea siku 46, ikaleta data nzuri, na kutua Peru.

Kila kitu ni kijani, darubini imeelekezwa sawasawa, lakini chanzo hakipo

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako, kwa sababu visababishi ni vingi na vya kwanza havihusiani na kifaa kabisa.

*Hewa iliyo mbele ya chanzo.* Gramu 3 ni kwa anayetazama juu wima. Chanzo kikiwa nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho, njia ndani ya hewa ni maradufu. Kwa fotoni za 40 keV (keV ni kipimo cha nishati ya fotoni), takribani 48 kati ya 100 hupita wima, na 23 hupita kwenye nyuzi 30. Kwa 30 keV ni 35 dhidi ya 12. Kwa 20 keV ni 10 dhidi ya moja tu. Kimo cha puto nacho kina nguvu hiyohiyo: kushuka kutoka kilomita 40 hadi 36 hupunguza fotoni za 30 keV kwa nusu. Kwa hiyo swali la kwanza ni: saa hii chanzo kiko nyuzi ngapi, na shinikizo la hewa ni kiasi gani? Nebula ya Kaa, mabaki ya nyota iliyolipuka, ikitazamwa kutoka latitudo ya Kiruna haipandi zaidi ya nyuzi 44 hivi hata saa yake bora kabisa. Ukianza kuitazama mapema mno, utakusanya kelele ya usuli tu.

*Puto lenyewe.* Puto kubwa hubeba zaidi ya mita za ujazo milioni moja za gesi, na kipenyo chake huzidi mita 100. Utosi wote wa anga umefunikwa. Chanzo kikikaribia utosi, kuna plastiki na kamba mbele yake, na kamera ya nyota nayo haioni kitu.

*Chanzo kimepumzika.* Watu hulisahau hili kwa sababu nyota huonekana kuwa vitu vya kudumu. Cygnus X-1, shimo jeusi lenye uzito wa Jua takribani mara 21, hubadilika kati ya hali mbili, na katika mojawapo eksirei za nishati kubwa hupungua sana. Vela X-1 ni nyota ya nyutroni inayozunguka mwenzake kila baada ya siku 9 hivi, na katika kila mzunguko hufichwa nyuma yake. GX 301-2, nyota nyingine ya nyutroni, huwaka na kufifia kufuatana na mzunguko wake wa siku 41 na nusu. Angalia taarifa za setilaiti zinazofuatilia anga lote kabla ya kumgusa mtu wa vigunduzi.

*Ngao inakula muda.* Vigunduzi huzungushiwa fuwele nzito zinazokamata chembe zinazoingia ubavuni, na kila ngao inapoguswa, kigunduzi hufumba macho kwa kitambo. Kizingiti cha ngao kikiwa chini mno, kigunduzi kitakuwa kimefumba macho muda mwingi. Tazama asilimia ya muda huo. Ikipanda bila hesabu za ngao kuwa na sababu ya wazi, inua kizingiti cha ngao, si cha kigunduzi.

*Kioo na kigunduzi havitazamani.* Darubini zenye vioo, kama XL-Calibur iliyoruka kutoka Esrange nchini Sweden hadi Kanada Julai 2024 na kuitazama Nebula ya Kaa pamoja na Cygnus X-1, huwa na kioo ncha moja na kigunduzi ncha nyingine, umbali wa mita 12. Fremu ndefu hivyo hupinda kwa uzito na kwa joto. Picha ya kamera inayotazama kutoka upande wa kioo kuelekea kigunduzi ndiyo itakayokuonyesha mpindo huo. Fidia kwa kubadilisha mwelekeo unaoamriwa, milimita kwa milimita, huku ukitazama hesabu zikipanda.

Ukimaliza yote matano na bado hakuna kitu, geukia chanzo angavu unachokijua. Nebula ya Kaa hubadilika kidogo sana, ndiyo maana tangu ilipoonekana kwa puto mwaka 1964 imekuwa kipimo cha wengi. Ikionekana, kigunduzi chako ni kizima. Isipoonekana ikiwa juu vya kutosha, sasa una haki ya kushuku kifaa.

Puto dogo la hali ya hewa lenye kihesabu mionzi limeona "shimo jeusi"

Vikundi vya shule na wapenzi wa anga huripoti hili mara kwa mara, na shauku yao naiheshimu kwa dhati. Lakini puto la mpira hupasuka karibu na kilomita 30, ambako kumebaki gramu 12 hivi za hewa. Katika fotoni za 20 keV zinazoshuka wima, haifiki moja kati ya 10,000 inayopita. Kihesabu cha Geiger kisicho na mwelekeo wala ngao kinachoona huko juu ni miale ya kosmiki na watoto wake. Kilima cha Pfotzer ndicho matokeo yenu, na ni matokeo mazuri: kichoreni vizuri, mkikilinganisha na cha latitudo nyingine.

Kamera ya nyota inapoteza nyota, au mwelekeo unayumba

Mwanga wa mchana ndio mshukiwa wa kwanza. Hata kilomita 40 juu, anga haliwi jeusi kabisa mbele ya lenzi, hasa karibu na Jua. Punguza muda wa kufungua lenzi, kagua kama mng'aro wa Jua kwenye puto unaingia kwenye kingo, na ugeuze gondola kidogo. Kamera za mchana hufungwa vichujio vyekundu kwa sababu hewa hutawanya buluu zaidi.

Lenzi iliyopoteza fokasi kwa baridi ndiyo ya pili: nyota huwa madoa mapana na programu hushindwa kuzitambua. Pasha lenzi au rekebisha fokasi kwa hatua ndogo.

Ikiwa nyota zinaonekana lakini darubini inabembea, tazama kasi ya gurudumu linalodhibiti mzunguko. Likifika ukomo wake, halina tena nguvu ya kusukuma, na lazima mzunguko huo umwagwe kwenye puto kupitia kiungo cha juu. Kubembea kwa taratibu kwa vipindi vya sekunde nyingi ni gondola kuning'inia kama pendulumu. Huisha yenyewe ukiacha kutuma amri za ghafla. Nimeona watu wakipambana na mtikisiko ambao amri zao wenyewe ndizo zilizokuwa zikiulisha.

Mapigo ya pulsa hayatokei kwenye data

Pulsa ya Kaa, nyota ya nyutroni inayozunguka ndani ya Nebula ya Kaa, hupiga karibu mara 30 kwa sekunde. Ukikunja data kwa kipindi chake, yaani ukirundika mizunguko yote juu ya mmoja, mapigo mawili yanapaswa kusimama wazi. Yasiposimama, kosa ni la hesabu za muda kuliko la kigunduzi.

Kipindi cha zamani: pulsa hupunguza kasi, na kipindi chake hurefuka takribani nanosekunde 36 kila siku. Tumia jedwali la mwezi huohuo. Kituo cha Jodrell Bank nchini Uingereza huchapisha moja kila mwezi.

Mwendo wa Dunia: kila wakati wa fotoni lazima uhamishiwe kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua. Ukiacha hatua hii, hata saa tatu tu za data hutosha kuyavuruga mapigo yote.

Mahali pa puto: programu nyingi huomba mahali pa kituo, na mtu huandika mahali puto liliporushiwa. Baada ya puto kusafiri kilomita 3,000, kosa hilo linaweza kufika milisekunde 10, karibu theluthi moja ya kipindi cha pulsa. Tumia mahali halisi pa GPS kwa kila dakika.

Saa ya GPS na saa ya kawaida ya dunia zinatofautiana kwa sekunde 18 tangu 2017. Kosa hili halifuti mapigo, ila huyasogeza, na utalijua tu ukiyalinganisha na mapigo ya redio.

Polaraizesheni imetoka nzuri kupita kiasi

Vipimo hivi hutafuta mwelekeo ambao mawimbi ya eksirei yanatikisika. Fotoni inapogonga kijiti cha beriliamu hutawanyika zaidi kwa upande unaokatisha mwelekeo huo, na vigunduzi vilivyozunguka kijiti huhesabu tofauti. Tatizo ni kwamba jibu haliwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hiyo kelele tupu pia hutoa asilimia fulani. Kokotoa kwanza kiwango cha chini ambacho data zako zinaweza kukitenganisha na bahati. Jibu lililo chini yake si ugunduzi.

Kisha kagua kama kigunduzi kilikuwa kinazungushwa, maana mzunguko ndio unaofuta tofauti za kigunduzi kimoja na kingine. Kagua pia kama taswira ya chanzo ilikaa katikati ya kijiti. Ikiwa pembeni, upande mmoja hupata fotoni nyingi na kuonekana kama polaraizesheni. Mwaka 2016 darubini ya puto ya PoGO+ ilipata takribani asilimia 21 kwa Kaa, na kwa Cygnus X-1 iliweza tu kusema kwamba ni chini ya asilimia 9. Wewe ukipata 60, rudi mwanzo.

Kimo kinashuka

Jua likizama, heliamu hupoa na puto hushuka. Hilo ni la kawaida kwa puto la aina iliyo wazi chini, na hurekebishwa kwa kumwaga farumi, yaani uzito uliobebwa ili kutupwa. Safari za kiangazi karibu na ncha za Dunia huepuka usiku kabisa. Mawingu mazito na baridi chini ya puto nayo hupunguza joto linalolifikia kutoka ardhini. Kisababishi cha mwisho ni tundu: darubini ya X-Calibur iliporushwa kutoka McMurdo, Antaktika, Desemba 2018, uvujaji wa heliamu uliifupisha safari yake, lakini iliwahi kuitazama GX 301-2.

*Simama:* farumi, valvu na kukata puto si kazi ya mwanasayansi. Mwarifu mkuu wa urushaji, mpe grafu ya shinikizo, na uanze kushusha data muhimu zaidi. Ukiambiwa saa zimebaki chache, achana na vyanzo vya ziada ukae kwenye chanzo kikuu.

Gondola imetua

Usiikaribie kabla timu ya uokoaji haijatamka kwamba ni salama. Huenda ina vilipuzi vya kukatia kamba ambavyo havijalipuka, betri za lithiamu zilizogongwa, na vyanzo vidogo vya mionzi vya kupimia vigunduzi. Vyanzo hivyo vikitoweka au ganda likipasuka, afisa wa usalama wa mionzi ndiye anayeitwa, na hakuna mwingine anayegusa kitu. Parashuti isiyoachia ni hatari ileile: baada ya safari ya darubini ya BLAST huko Antaktika, upepo uliiburuta gondola takribani kilomita 200 juu ya barafu kwa sababu parashuti haikujitenga. Chombo cha data kilipatikana.

Ruhusa ikitolewa, piga picha kila upande kabla ya kufungua bolti yoyote. Kisha toa diski, zote, na ziondoke eneo hilo kwa vyombo viwili tofauti.